Barua za field: tukutane Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Nimezipitia barua 14 mlizonitumia za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kiswahili chenu hakina shida. Shida ni kwamba mwenye ofisi anafika aya ya tatu bado hajajua mnataka nini.

"YAH:" (yaani "Yahusu", mstari wa kichwa cha barua) ndiyo inayosomwa kwanza. Ukiandika "YAH: MAOMBI" ukaishia hapo, maombi ya nini, mchango wa harusi? Andika "YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, IDARA YA UHASIBU, WIKI 8". Hapo hata katibu muhtasi anajua ampelekee nani. Kisha aya ya kwanza iseme wewe ni nani, unasoma nini, mwaka wa ngapi, na unaomba kuanzia lini hadi lini. Zile za "tangu utotoni nimekuwa na ndoto" ziacheni. Mimi mwaka wa kwanza nilijaza ukurasa mzima wa ndoto, na hakuna ofisi hata moja iliyonijibu.

Anwani yako juu kulia, ya unayemwandikia kushoto, chini ya tarehe. Na jamani, ukituma kwa baruapepe, faili liwe na jina lako, siyo "barua mpya mpya 2".

Jumamosi saa 4 asubuhi, pale pale chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Kila mtu aje na barua yake, tutabadilishana tusahihishane. Kama huna hela ya kuchapa, njoo na ya mkono.