Kaka, picha ya Mama Mkubwa ilikuwa na mbwa

Kaka shikamoo.

Nimeona kadi ya mchango wa send-off kwenye grupu la ukoo, na chini yake umeandika "picha atapiga mdogo wetu, tusihangaike kutafuta mtu". Hujanipigia, hujaniuliza, umenipanga tu kama viti vya kukodi. Basi na mi nakujibu huku hadharani, mana nikiandika kule kwenye grupu Shangazi atasema tukae tuyamalize wikiendi, na hiyo wikiendi tangu msiba wa Mama Mkubwa uishe haijawahi kufika.

Kwanza hongera, na hii natoka nayo moyoni kabisa. Huyo binti yako mi nimembeba mgongoni, nimemwona anachungulia kwenye pipa la maji pale uani Tabata huku bibi yake anapiga kelele jikoni, leo anaolewa. Mungu mkubwa.

Sasa nimesoma na mipango yako ya picha. Eti wapelekwe Coco jioni, jua linazama baharini nyuma ya bi harusi. Kaka, we umezaliwa Dar! Coco inatazama mashariki. Jua linachomoza huko baharini, jioni linazamia mgongoni kwetu, upande wa nyumba na foleni, na huku kwetu likianza kuzama halichelewi, unageuka kubadilisha lenzi ushaingia giza. Ukitaka lile jua la dhahabu na maji nyuma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bi harusi awe mchangani ameshapakwa na amevaa. Mkizubaa mpaka saa tatu jua limepanda, vivuli vinakaa chini ya macho, mtoto wa watu anaonekana amekesha analia.

Na yeyote utakayempa kazi, mkataze kumfanya mtoto mweupe. Nakuomba sana hapo. Kuna vijana wanamaliza harusi nzima wanaingia kwenye kompyuta wanavuta kitufe kimoja, ukoo mzima unageuka rangi ya unga, na watu wanalipia. Shida inaanzia kwenye kamera yenyewe, ukiiachia ijiamulie inachukulia kila kitu duniani kina kijivu cha wastani, ikiona kitu cheusi inasema hapa pana giza, inaongeza mwanga. Ndo mana mbwa mweusi anatoka wa kijivu na mama zetu wanatoka wamepauka. Lazima upunguze mwenyewe, stopu moja, yaani mwanga ubaki nusu, saa nyingine zaidi, alafu utafute kivuli kizuri usubiri. Mi hili sikujifunzia harusini, nimejifunzia kwa mbwa.

Ndio, mbwa. Cheka tu, ulishacheka sana.

We unajua napiga picha wanyama wa matajiri wa Masaki, na ni kweli wapo na wanalipa vizuri kuliko hao wa kamati za harusi wanaosema "tutakumalizia baada ya sherehe". Ila kuna mama mmoja wa Mbezi Beach alinipigia usiku, mbwa wake kazeeka, miguu ya nyuma haibebi tena, daktari wa mifugo anakuja kesho yake kumdunga ile sindano ya mwisho, akaomba nije mapema kabla ya daktari. Nikalala chini kwenye vigae, mana mnyama unampiga usawa wa macho yake, ukimpiga umesimama anatoka kichwa kikubwa na miguu ya panya. Flashi sikuwasha, nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unarudisha mwanga, ukiwasha anatoka na macho ya kijani kama jini. Yule mama mwanzoni alikuwa anakaa kama yuko kwenye paspoti saizi, shingo imekaza, lakini alipoanza kumkuna nyuma ya masikio akasahau kama nipo, akaanza kunisimulia habari za mume wake aliyemleta huyo mbwa akiwa mdogo amefungwa kwenye boksi la bia. Kuna na mzee wa njiwa kule Magomeni, hasemi na mtu, ukimwachia njiwa mkononi utaondoka pale na historia ya mtaa mzima. Mtu akishika mnyama wake uso unarudi kuwa wake. Mi natafuta hiyo tu, sina kingine ninachokijua zaidi ya hicho.

Na ndo nilichokipata kwa Mama Mkubwa, mama yako, barazani, jioni ile mvua imekatika. Bosi, mbwa wake, kalaza kidevu gotini kwake, na yeye mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la mafuta ya vitumbua, kamwekea kichwani, anamcheka mana alikuwa ameiba ndala. Jino la pembeni linaonekana. Mama yako kwenye picha zote za maisha yake anafunga mdomo kuficha lile jino, kaka, picha zote! Hiyo moja tu hakulikumbuka.

Nikakupa faili mwenyewe, msiba ukiwa mbichi, nikakwambia hii ndo ya kuweka mbele ya jeneza.

Asubuhi ya kuaga nafika naikuta kwenye fremu, Bosi hayupo. Nyuma umeweka mawingu na njiwa wawili weupe, sijui ni nani alikufanyia. Mkono wa mama umekatwa kwenye kiganja. Na pale kwenye khanga, karibu na pindo, limebaki sikio moja la mbwa, jeusi, mtu hakulimalizia kufuta, linaonekana kama doa la mkaa. Kwenye fulana za msiba hivyo hivyo. Watu mia na kitu wamevaa sikio la Bosi kifuani na hawajui. Nikakuuliza taratibu, pembeni, karibu na turubai. We ndo ulipandisha sauti mbele ya wazee wa kanisa: "Siwezi kumuaga mama yangu na jibwa. Kama hujui kupiga picha za binadamu rudi kwa mbwa zako." Na kuna watu walicheka. Msibani.

Sasa huwa unawaambia ndugu kwamba niliondoka na kamera wakati jeneza linatoka, ndo mana ukoo hauna picha za makaburini Kinondoni. Sikuondoka. Kamera niliifungia kwenye begi, nikaenda kubeba jeneza upande wa miguu na nyinyi, muulize Shangazi. Ulinifukuza kazi ile mwenyewe mbele za watu, ulitaka niendelee kuifanya kwa roho gani? Mpiga picha anatakiwa aone, na mi siku ile macho yalikuwa yamejaa maji, hata ningepiga zingetoka ovyo. Na nani alikaa na mama wiki zile za mwisho, anampeleka kliniki na bajaji? Basi, hiyo tuiache. Ila jua kwamba niliona.

Na Bosi ulitaka kumpa mlinzi wa godauni. Nipo naye Kigamboni, tarehe 28 Septemba nilimpeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, ile siku yake ya kimataifa, kajaa mwili, ndala bado anaiba.

Kwa hiyo send-off sipigi. Mi ni baba mdogo wa bi harusi, nitakaa mezani na suti nitakula na kulia kama baba mdogo. Tafuta mtu, ila usimchague kwa zile picha kumi kali anazoweka mtandaoni, mwambie akuonyeshe harusi moja nzima kuanzia saluni mpaka watu wanapoondoka na masufuria. Muulize kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Muandikishiane tarehe ya kukabidhi picha. Na umlipe kwa wakati, kaka, tafadhali.

Kuna kitu kimoja hukijui. Binti yako alishaniomba ile picha, ile yenyewe yenye mbwa, anayo kwenye simu. Na ameomba kabla ya send-off aje apigwe picha akiwa na Bosi, na khanga ya bibi yake, ile ile. Nimemkubalia, ni Jumamosi asubuhi na mapema. Usimkataze. Na we ukitaka kuja njoo, ila gari liache hapo Feri uvuke kwa miguu, foleni ya magari ya pantoni ya Jumamosi unaijua mwenyewe.