Sele, barua ya diwani iache

Sele ndugu yangu,

Salamu nyingi, za nyumbani nitauliza mwishoni. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku na kuna jambo limenikosesha raha. Wadhamini wako watatu wa kukuandikia barua za maombi ya uzamivu (PhD) ni mkuu wa shule unakofundisha, mheshimiwa diwani, na Dokta aliyekufundisha aljebra chuoni? Hao wawili wa kwanza waondoe leo.

Huko Marekani, wanaochagua wanafunzi wa uzamivu wa hisabati ni maprofesa wa idara wenyewe. Wanataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuona ukihangaika na uthibitisho mpaka ukautoa. "Ni mtiifu, anawahi kazini" haiwasaidii chochote. Dokta akiandika kwamba ulikuwa wa 2 kati ya 40 kwenye analisisi, na kwamba ile lema (hoja ndogo ya kusaidia uthibitisho mkubwa) ya mradi wako uliithibitisha bila kushikwa mkono, hapo wamekuelewa. Kwa hiyo mpelekee mradi, matokeo, na orodha ya vyuo na tarehe zake. Usimwachie akukumbuke kwa kichwa. Wawili wengine watoke humohumo idarani.

GPA yako (wastani wa alama za chuo) ya 4.1 ni kwa kipimo cha 5. Usiigeuze mwenyewe, iandike ilivyo, utaje na kipimo chake. Ukikisahau, msomaji aliyezoea kipimo cha 4 atadhani umeghushi.

GRE ya hisabati, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani (si ile ya jumla, usije ukalipia mtihani mwingine!), kuna idara zinaitaka, nyingine ni hiari, nyingine haziiangalii kabisa. Soma ukurasa wa idara, si wa chuo. Nusu yake ni kalkulasi, robo aljebra, robo mchanganyiko. Alama ni 200 hadi 990. Ukikosea hukatwi, basi usiache swali wazi. Juma anaposema lazima uwe na uzamili kwanza, hiyo ni Ulaya zaidi. Marekani vyuo vingi vinapokea mwenye shahada ya kwanza na kumlipa kwa kufundisha.

Ila narudi palepale kwenye barua. Huipakii mtandaoni wewe. Mfumo unamtumia mdhamini kiungo kwa baruapepe, na mara nyingi kinaishia kwenye barua taka (spam). Vyuo vingi vinafunga maombi kati ya 1 Desemba na 15 Januari, wakati walimu wako safarini. Mkumbushe Novemba mwanzoni, na wiki moja kabla umpigie simu kabisa. Diwani akinuna, mwambie fomu ina nafasi tatu tu.

Halafu Trieste, Italia, pale ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, chenye hisabati pia), ile diploma ya mwaka mmoja, iombe pia. Gharama wanabeba wao.

Sasa niambie: Dokta umeshamwona? Anatumia anwani ya chuo au ile ya binafsi? Maana ya binafsi wanaitilia shaka. Topolojia ulisoma, au ulikimbilia takwimu? Nakala ya mradi ilibaki kwa nani? Pasi ya kusafiria bado hai? Na mama, miguu inaendeleaje?

Wako,
Mudi