Wakili akiandika riwaya, amkumbuke mkalimani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumamosi juu ya mawakili wa jinai wanaogeuka kuwa waandishi wa riwaya za uhalifu. Nimefurahi, na moyo umeniuma pia. Naomba nafasi nieleze.

Mimi ni mkalimani mstaafu. Kwa miaka 26 nilisimama kando ya kizimba hapa Arua, nikipokea Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa na kumpa jaji Kiingereza, kisha nikimrudishia mshtakiwa maneno ya jaji kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema mshtakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama apewe mkalimani bila kulipa chochote. Kazi hiyo niliipenda, na bado naiota usiku.

Mwaka 2003, kwenye kikao cha Mahakama Kuu kilichoketi hapa, aliletwa kijana mpakiaji wa magunia. Waligombania ujira wa kupakua lori la tumbaku, akamchapa mwenzake kwa mpini wa jembe, mwenzake akaanguka kichwa kikagonga jiwe. Polisi waliandika maelezo yake kwa Kiswahili, yakatafsiriwa kwa Kiingereza, na faili likaja na karatasi zote mbili. Mwendesha mashtaka alisoma ile ya Kiingereza. Ilisema kijana alimpiga mwenzake mpaka akamuua. Wakili wa utetezi, naye kijana, aliyelipwa na serikali kama Katiba inavyotaka kwa kesi za kifo, akasimama akaomba ile ya Kiswahili isomwe. Nikakabidhiwa mimi. Iliandikwa hivi: "Nilimpiga akafa."

Mhariri, wewe ni mtu wa Kiswahili, unaisikia tofauti. Anayesema "nilimpiga mpaka akafa" alishika mpini akaendelea. Anayesema "nilimpiga akafa" anahadithia mambo mawili yaliyofuatana, na la pili limemshtua yeye mwenyewe. Jaji aliniuliza mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, nami nikajibu lilelile. Wazee washauri wawili walioketi naye walikuwa watu wa Arua, Kiswahili cha sokoni wanakijua, na niliwaona wametazamana kabla sijamaliza kutafsiri. Wakati ule kuua kwa kukusudia kulikuwa na adhabu moja ya lazima, kunyongwa. Ulazima huo Mahakama ya Juu ilikuja kuufuta Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake waliohukumiwa kifo. Kijana wetu alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Akafungwa, akamaliza kifungo chake. Leo ana watoto watatu na anauza vitunguu.

Sasa yule wakili. Amefanya kesi za jinai zaidi ya miaka 20, na mwaka jana alinijia nyumbani na kurasa 61 za riwaya aliyoianza. "Mama," akaniambia, "soma, uniambie kama ni kweli."

Nilisoma kwa siku mbili. Ana kipaji. Ameandika mahabusu ya mahakama mpaka jasho lake nikalisikia puani. Ameandika mama wa mshtakiwa aliyekaa benchi la nyuma na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa, chakula ambacho hataruhusiwa kumpa mwanawe. Hayo hayaandikwi na mtu aliyepita mahakamani siku moja kutazama. Hata kule Marekani, John Grisham alikuwa wakili Mississippi alipomsikia mtoto wa miaka 12 akitoa ushahidi. Maneno yale hayakumtoka, akawa anaamka alfajiri kuandika kabla ya kwenda kazini. Kitabu cha kwanza kilipotoka 1989 zilichapwa nakala 5,000 tu. Lakini yeye alimsikia mtoto yule kwa lugha ya mtoto mwenyewe. Mawakili wetu, mara nyingi, wamewasikia wateja wao kupitia kinywa changu.

Na katika kurasa zote 61, Mhariri, mkalimani hayumo. Mpakiaji wa magunia anamjibu jaji kwa Kiingereza kilichonyooka. Kesi ile ya 2003 imo, amebadilisha majina na mji, lakini kinachomwokoa mshtakiwa ni daktari aliyepima maiti. Nikamwuliza, "Mwanangu, ile 'akafa' umeipeleka wapi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kwa Kiingereza haiingii. Nilijaribu mara nyingi."

Basi si iandikwe kwa Kiswahili? Anasema wachapishaji hawatakitaka. Mimi naona sababu hiyo imechakaa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shule za msingi na sekondari kama somo la lazima. Watoto hao watasoma nini cha kwao? Askari polisi na wanajeshi wanakitumia kila siku. Wala riwaya za upelelezi si ngeni kwa lugha hii: Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alianza kutupa mpelelezi wake Bwana Msa mwaka 1960. Kiswahili chetu cha Arua si cha Unguja, najua, ngeli tunazivunja. Lakini ndicho kilichosemwa kizimbani, na msomaji wa Tanga au Mombasa atakielewa.

Jambo moja nilimshika mkono nikamwambia kwa msisitizo. Mama wa yule marehemu yu hai, na sokoni tunakutana. Kubadilisha majina hakutoshi. Wakili amebeba siri za wateja wake, na anayejulikana kwa lori la tumbaku atajulikana hata ukimwita jina jingine. Abadilishe lori, abadilishe ugomvi, abadilishe hata mpini. Aliahidi.

Nawaomba nyinyi wenye gazeti, mkipata wakili anayeandika, mpeni ukurasa wa hadithi wiki kwa wiki. Na nawaomba mawakili wenzake yule kijana wangu wafungue mafaili yao ya zamani na kuangalia karatasi ya nyuma, ile isiyosomwa mahakamani, iliyoandikwa kwa lugha ya mtuhumiwa. Kurasa 61 nimemrudishia na penseli yangu kila mahali. Sura ya mahakama ameichukua kuiandika upya kwa Kiswahili, na anasema mkalimani atakuwamo.

Wako,
Mkalimani mstaafu wa mahakama,
Arua