Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Shule: mkalimani uliyetuahidi yuko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wote unaofanya nao kazi. Nimenyamaza tangu mwezi wa nane, siku uliposimama mbele yetu wazazi ukasema kabla ya Oktoba darasa la historia litakuwa na mkalimani wa Kiswahili. Sasa ni Machi.

Jumanne iliyopita binti yangu alirudi nyumbani analia. Walikuwa wamefika kwenye bomu la Hiroshima, 1945, mwalimu akauliza urani, madini yaliyotumika kulitengeneza, ilitoka wapi. Binti yangu anajua: sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwetu Kongo. Akanyosha mkono, Kiingereza kikamkwama, wenzake wakacheka, somo likaendelea. Mwaka mzima wa historia ya Marekani, siku hiyo ndiyo kwao palitajwa, akashindwa kusema.

Huyu si mtoto mzito wa kichwa. Kambini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, alisoma kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo, akawa wa pili darasani. Mimi natoka kiwandani saa saba usiku, bado nanuka nyama, tunakaa mezani simu itufasirie neno moja moja. Kile kipindi cha baada ya vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani, 1865 hadi 1877, kwa Kiingereza kinaitwa "Reconstruction"; simu ilikiita "ujenzi mpya". Akaandika kwamba watu walikuwa wanajenga nyumba zilizoungua. Akapata sifuri. Hakuna aliyemweleza kwamba ndiyo miaka ambayo waliokuwa watumwa walipata uraia, na wanaume wao wakapata kura.

Labda mnaona tuko wachache. Labda ni fedha. Labda ni kwa kuwa sisi wa zamu ya usiku hatuonekani mikutanoni. Hamjatuambia. Lakini mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwapa watoto wa Kichina wa San Francisco vitabu na walimu wale wale, bila kuwasaidia lugha, si usawa. Hiyo nayo ni historia ya Marekani, Mheshimiwa. Siombi fadhila.

Mtihani wa mwisho ni Mei. Akianguka, hamalizi shule na wenzake. Tupeni mkalimani. Hata siku mbili kwa wiki. Hata mmoja kwa shule zote. Mkalimani tu, kabla ya Mei.

Mama wa mwanafunzi wa darasa la kumi na moja