Sista Irene hakufundisha Tosamaganga

Mhariri,

Makala yenu iliyosema kwamba Sista Irene Stefani, mtawa Mwitaliano wa shirika la Konsolata, alifundisha Tosamaganga, misheni ya hapa Iringa, imemweka mahali asipokuwapo na kumwondoa alipokuwapo. Hakufundisha Tosamaganga. Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walishika misheni za Iringa mwaka 1919, Wabenediktini Wajerumani walipokwisha kuondolewa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka uliofuata Irene alikuwa Gikondi, huko Nyeri, na hakuhama tena mpaka kufa.

Lakini Tanganyika aliifika, tena kabla ya Gikondi, na hilo ndilo mmeliruka. Aliingia Kenya mwaka 1915 akiwa na miaka 23. Kuanzia 1916 akauguza wapagazi wa jeshi la Waingereza: Voi kwanza, halafu Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Ni wapagazi hao wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo. Waliokufa kwa maradhi walizidi waliokufa kwa risasi, na chanzo kimojawapo kilikuwa sufuria. Unga wa mahindi ulikuwa na chenga, na mtu aliyetua mzigo jioni, kuni zimelowa, hakuusubiri uive. Tumbo likamwendesha, kisha kuhara damu. Aliyelala kwenye mvua akapata homa ya mapafu. Hao ndio Irene aliowaosha vidonda na kuwalisha.

Gikondi alifundisha shule, akipanda na kushuka vilima kuwafuata watoto majumbani. Vijana waliokwenda mijini kutafuta kazi aliwaandikia barua. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, kwa tauni iliyompata akimuuguza mwalimu mwenzake.

Jambo jingine: mmemwita Mtakatifu. Bado, ni Mwenyeheri, hatua moja kabla ya utakatifu. Alitangazwa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Kwa hatua hiyo ulitosha muujiza mmoja, ule wa maji ya ubatizo yaliyoongezeka kanisani kule Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989. Utakatifu unadai muujiza mwingine, uliotokea baada ya kutangazwa Mwenyeheri. Aliyetangazwa Mtakatifu, tarehe 20 Oktoba 2024, ni Padri Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa shirika la Irene. Huenda ndipo mlipochanganya.

Msomaji wenu,
Iringa