Shukrani kwa dada aliyetufufulia pampu, Kongwa

Dada yetu, uliondoka bila kutuachia hata jina, na wenzako wa shirika wakasema hupendi kutajwa. Basi tunakushukuru hivyo hivyo, hadharani.

Kongwa tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili ikijaliwa. Kiangazi kikikaza, kina mama hufukua mchanga wa korongo na kusubiri maji yajikusanye, wayachote kikombe kwa kikombe. Kisima kirefu tulikuwa nacho. Kilichokufa ni pampu ya mkono. Wengine walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Wewe uliuliza nani ataitunza, ukakaa na kamati ya maji chini ya mbuyu mpaka mabinti wetu wakaweza kuifungua, kubadilisha mipira iliyochakaa na kuifunga wenyewe. Kwangu hilo ni kubwa kuliko pampu yenyewe.

Ukatusimulia kwamba huko kwenu shirika hilo hilo huzipokea familia za wakimbizi, huwatafutia vitanda na kuwasindikiza wazazi kuandikisha watoto shule. Wazee walifurahi mno kusikia hayo. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola walipiga kambi hapa Kongwa, kwa hiyo wazee wanajua maana ya kumpokea mtu aliye mbali na kwao.

Bibi zetu wanasema ukirudi utapikiwa ugali wa uwele na mlenda. Asante sana, dada. Mungu akuzidishie, wewe na hao unaowahudumia.