Mama mdogo, flashi iko kwenye boti

Mama mdogo, jambo sana.

Flashi nimempa binti wa jirani anayevuka Ziwa Kivu kuja Bukavu kesho na boti ya asubuhi. Iko ndani ya mfuko wa jibini ya Masisi, nimeifunga plastiki mara mbili isije ikanuka. Kifuniko chake kilipotea zamani, kwa hiyo nimeizungushia uzi mwekundu usiichanganye na ile ya nyimbo za kwaya. Barua naiandika hapa mbele ya watu kwa sababu wewe mwenyewe ulishasema ujumbe wa WhatsApp ukizidi vidole vitatu husomi, basi binti yako atakusomea huku unashona. Halafu tangu niwaambie marafiki kwamba mama yangu mdogo anataka kuangalia anime, katuni za Kijapani, kila mmoja ananiuliza, "Sasa utamwanzisha na ipi?" Nao wapate jibu lao humuhumu.

Kwanza nisamehe kwa ile Noeli. Ulikuwa umevua viatu, sahani ya mandazi magotini, ukasema, "Haya, nionyeshe hayo ma-desen yako, hizo katuni, mtu muzima na ndevu zake." Nami kwa kiherehere cha kutaka kukushangaza nikaweka Attack on Titan, sehemu ya kwanza kabisa. Haikufika hata nusu saa, jitu likamtoa mama wa mtoto Eren kwenye kifusi cha nyumba yake na kumla, mtoto anaangalia. Hukusema neno. Uliinuka ukaenda kuchomoa waya wa televisheni ukutani, ukaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Usiku nikakusikia ukiniombea, kwa jina langu lote, hadi lile la ubatizo.

Sikatai, ule mfululizo ni kazi kubwa, na mimi niliufuata tangu 2013 mpaka ulipomalizika 2023. Lakini nani anamkaribisha mgeni kwa pilipili kabla ya chai?

Jambo la pili ni jina. Huku kwetu kila kinachotoka Japani tunakiita manga. Manga ni kitabu, unakisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Anime ni ile inayotembea kwenye skrini. Nyingi zinaanza kama kitabu, kikipendwa ndipo kinatengenezewa filamu. Hayo tu, mengine utayaokota njiani.

Sasa, najua unavyoangalia televisheni: huiangalii. Unaisikiliza, macho yako kwenye sindano, unainua kichwa mtu akipiga kelele. Vijana wa hapa watakuapia kwamba anime ni lazima uisikie kwa Kijapani na kusoma maandishi ya Kifaransa chini, na kwamba anayesikiliza sauti za Kifaransa ameikosa. Wao hawana kitenge cha bibi harusi chini ya sindano. Wewe nimekuwekea zote kwa sauti za Kifaransa, ukajishone kidole kwa ajili ya maandishi ya nani? Na kipimo nimekupigia kwa mashini yako: sehemu moja ya mfululizo ni kama dakika 24, ukiondoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia unabaki na muda wa kupinda sketi moja bila haraka. Filamu nzima ni gauni, vifungo bado.

Watoto wa parseli, hapo uani kwako, wakisikia habari hii watakuja mbio kukuambia uanze na Naruto au One Piece. Wape mandazi uwaache waondoke. Naruto peke yake ni sehemu 220, halafu kuna Naruto Shippuden, 500 nyingine, na ndani yake wamechomeka hadithi za kujaza nafasi tu, kama mtu anayetia maji kwenye sombe wageni wakizidi. One Piece ilianza kuonyeshwa 1999, imepita sehemu 1,000, na bado inaendelea. Ukiianza leo, tutakuzika ukiuliza kama wameipata hiyo hazina wanayoitafuta.

Kumbe wewe si mgeni kabisa. Unakumbuka Olive et Tom? Ile ya mpira tuliyokuwa tunaifuata kwa jirani mwenye televisheni, tunasimama dirishani, na wewe unakuja kutuondoa kwa ufagio kisha unabaki kusimama hapohapo nyuma yetu? Uwanja ulikuwa mrefu mpaka goli halionekani, linajitokeza polepole kama jua. Mchezaji anapiga shuti leo, mpira unafika langoni kesho. Ile ni anime, mama mdogo. Jina lake la kwao ni Captain Tsubasa, kitabu cha Yoichi Takahashi cha 1981, na huyo Olivier Atton wako anaitwa Tsubasa Ozora. Wafaransa waliwabatiza upya wote. Kwa hiyo ukisema hujawahi kuangalia, mimi ni shahidi, na ufagio ni shahidi.

Anza na Kiki.

Kwenye flashi utaiona imeandikwa Kiki la petite sorcière. Hilo neno la mwisho lisikutoe jasho. Najua kwetu "mchawi" ni neno linalowatoa watoto nyumbani kwa fimbo, na najua ulishampokea mmoja aliyefukuzwa hivyo, akalala kwenye mkeka wangu miezi minne. Katika hadithi hii, mchawi ni mtu mwenye ufundi wake na wateja wake. Kiki ana miaka 13, na desturi yao ni kwamba msichana akifika umri huo anaondoka kwa wazazi aende mji asioujua, ajitegemee mwaka mmoja. Anatua kwenye mji wa pwani na ufagio wake na paka mweusi, mke wa muoka mikate anampa chumba cha juu, naye anaanza kazi ya kupeleka vifurushi. Basi. Hakuna shetani wala vita. Filamu nzima ni mtoto anayetafuta kodi ya nyumba.

Kuna kipande nataka uweke mkasi chini. Bibi mmoja mzee anataka kumpelekea mjukuu wake pai ya samaki, na jiko la umeme limegoma. Wewe wa Bukavu hilo nani akufundishe. Kiki anavua ushungi wa aibu, anawasha lile tanuri la zamani la kuni, wanahangaika na moshi, pai inaiva. Anapaa nayo kwenye mvua, analowa chapachapa, anafika, na yule mjukuu anafungua mlango na kusema hizo pai za bibi yeye hazipendi kabisa. Anafunga mlango. Hayao Miyazaki, aliyeiongoza 1989, hamwadhibu huyo mtoto wala hamleti baadaye kuomba msamaha. Umewahi kukesha na gauni la mtu, akaja kulichukua bila hata kuligeuza aone ndani ulivyolifunga? Ni hiyo sura ya Kiki mlangoni.

Ukimaliza hiyo na bado unanipenda, fungua Le Voyage de Chihiro. Ni ya 2001, ya Miyazaki huyohuyo, ilichukua Oscar mwaka 2003. Hapa mizimu ipo, nakuonya mapema, lakini ni mizimu inayokuja kuoga! Wazazi wa Chihiro wanakula chakula kisicho chao kwenye kibanda kisicho na mtu, wanageuka nguruwe, naye anabaki kutafuta kazi kwenye nyumba kubwa ya mabafu. Bosi anamnyang'anya hata jina, anamwachia kipande: Sen. Unajua wale mabosi.

Siku moja anapewa mteja anayenuka mpaka chakula kinaoza mkononi mwa mtu. Ni lijitu limejaa tope zito jeusi, wote wamekimbia. Msichana anazama naye kwenye birika, anapapasa, mkono wake unagusa kitu kama mwiba kimechomeka ubavuni. Wanafunga kamba, wafanyakazi wote wanavuta, na kinachotoka ni usukani wa baiskeli. Inatoka baiskeli, nyuma yake mabomba, vyuma, takataka mlima mzima, haviishi. Lile lijitu lilikuwa mto. Mto mkubwa uliotupiwa kila kitu. Miyazaki alisimulia kwamba aliwahi kwenda na wenzake kusafisha mto, wakavuta baiskeli kweli. Mimi nilipoona hicho kipande niliwaza ninyi wa huko, zile chupa za plastiki zinazotoka ziwani na kujikusanya mbele ya bwawa la Ruzizi mpaka mitambo inashindwa na umeme unakatika katikati ya mshono. Ukikatika ukiwa unaangalia hapo hasa, utacheka peke yako gizani.

Mfululizo nimekuwekea mmoja tu, Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Sehemu 64, msimu mmoja wa harusi. Usiufungue kabla ya filamu. Ndugu wawili wanajaribu kumrudisha mama yao aliyekufa, wanalipa kwa miili yao, mmoja anabaki na mkono na mguu wa chuma, mwingine roho yake inafungwa ndani ya vazi la chuma lisilo na mtu. Aliyeiandika, Hiromu Arakawa, ni mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule Hokkaido, na inaonekana: watu wake wanakula, wanachoka, na fundi anayetengeneza ule mkono wa chuma anakasirika ukivunjwa ovyo. Sehemu ya nne iruke. Usiniulize kwa nini. Binti yako naye asikuambie.

Ambazo sikukuwekea: Death Note, kwa sababu ni daftari ambalo ukiandika jina la mtu anakufa, na flashi ingeishia chooni. Na Kaburi la Vimulimuli, Le Tombeau des lucioles, ya Isao Takahata, 1988. Kaka na dada yake mdogo, Kobe, vita, njaa, kikopo cha peremende. Watu wa kwingine wanaambiwa waiangalie ili wajue vita inawafanya nini watoto. Wewe umepika uji kwenye kambi ya Mugunga, ya waliokimbia vita.

Inabaki moja. Suzume.

Hii ni ya Makoto Shinkai, 2022. Msichana wa miaka 17 anazunguka Japani akifunga milango iliyosimama kwenye magofu, maana isipofungwa ardhi inatetemeka. Wajapani wanaishi juu ya ardhi kama yetu, mama mdogo, ile ambayo mtu unaikanyaga ukiwa na mashaka nayo. Rafiki yake kwenye safari amegeuzwa kiti, kiti kidogo cha mtoto, cha njano, chenye miguu mitatu. Utacheka kinavyokimbia. Kilitengenezwa na mama yake, na mama yake hayupo tangu Machi 2011, ardhi ilipotetemeka na bahari ikapanda juu ya mji. Kuna daftari la mtoto ambalo kurasa zake tangu tarehe 11 zimepakwa rangi nyeusi tupu.

Kwa hiyo analelewa na mama yake mdogo. Anaitwa Tamaki, hajaolewa, anafanya kazi kwenye ushirika wa wavuvi, anapanga chakula cha shule cha Suzume kwa maua na sura za kuchekesha ambazo msichana mkubwa anaona haya kuzifungua mbele ya wenzake. Suzume akitoroka, simu inajaa ujumbe juu ya ujumbe. Mei 2021 mlima wa Nyiragongo ulipotapika moto, uliniita mara kumi na moja kabla mtandao haujakata. Mimi nilikuwa kwenye barabara ya Sake na nilikasirika kwamba unamaliza betri yangu.

Mbele kidogo, wakiwa safarini, kwenye kituo cha magari, Tamaki anapasuka. Anamwambia mtoto yale yote: miaka yake imeliwa, wanaume walimwona ana mtoto asiye wake wakapita, nirudishie maisha yangu. Nilisimamisha filamu hapo nikatoka nje. Nilikuwa na miaka kumi na sita ile jioni, unaijua, umeme ulikatika na nilikuwa nimevunja bobini, na wewe ulisema sentensi moja kuhusu ungekuwa wapi leo kama si mimi. Hatujawahi kuirudia. Sikutaka uirudie.

Nikarudi ndani nikaendelea. Baadaye wako wawili juu ya baiskeli, mama mdogo anakanyaga, mtoto nyuma, njia imeota majani. Tamaki anasema yale maneno yalikuwa moyoni mwake kweli. Halafu anasema siyo hayo tu yaliyokuwamo.

Tarehe 17 Januari 2002, mlima huohuo ulipotapika, ulinibeba mgongoni kutoka Birere, Goma, mpaka Gisenyi, Rwanda, na mbele ulikumbatia kichwa cha mashini ya mama. Miguu ya mashini ilibaki, ikafunikwa na lava. Seremala wa Majengo alikutengenezea meza ya mbao, nayo inayumba mpaka leo, unaiwekea kitu chini ya mguu wa kushoto.

Hapo kwenye baiskeli uzime mashini, uangalie kwa macho. Ni karibu na mwisho. Flashi nirudishie na boti yoyote, ina picha zangu za kazi, na jibini msiimalize siku moja.